Panya wa Uyole

Subilaga haandiki barua.
Anaandika chumvi.
Anaandika sukari kwa vijiko, leo sita,
na kiberiti, ambacho njiti zake huzipasua kwa wembe
moja izae mbili;
mkono ukiteleza ikavunjika
huiandika hiyo nayo: njiti, hasara.

Daftari lilikuwa la Lusajo, la darasa la pili.
Kurasa za mbele zina kugawanya kwa mafungu
na alama nyekundu za mwalimu.
Kurasa za nyuma tumo sisi.

Maharage yakianza kulainika
anatoa makaa kwa koleo, moja moja,
anayazika kwenye majivu yangoje kesho.
Sufuria anaifunga blanketi kuukuu, anaiweka pembeni,
imalizie kuiva yenyewe
kama mgonjwa anayeponea usingizini.

Viazi hanunui kwa sado.
Anangoja lori la Jumanne, yeye na mama Tusekile,
wanaliangusha gunia la lumbesa katikati ya uwanja
na kugawana bakuli kwa bakuli.
Kiazi cha mwisho kikizua ubishi
kinakatwa kwa kisu. Niliona kwa macho yangu.
Kilikuwa kidogo kuliko yai.

Na mwezi wa sita, sakitu ikishaunguza majani bondeni,
maji ya moto ni ndoo moja, watu wanne.
Mimi ni wa nne.

Nilicheka, sifichi.
Niliwaambia wenzangu, nikigonga soli pale stendi:
mke wangu anaweza kukamua chai
kwenye kivuli cha majani.
Wakacheka. Nikawanunulia kimpumu kwa kucheka vizuri.
Haba na haba niliisoma shuleni,
ikafutwa pamoja na ubao.

Jumapili moja yuko kwaya,
natafuta karatasi ya deni la gundi, nikalifungua daftari.

Mafuta ya taa, 600.
Dawa ya minyoo, Lusajo, 500.
Panya, 1,000.

Panya?
Nikafunua nyuma. Panya, 500.
Panya, 500. Panya, mwisho wa mwezi, 3,000,
na mstari chini yake, umekandamizwa
mpaka kalamu ikatoboa.

Nikalishusha kopo la maziwa ya unga juu ya kabati.
Mfuniko mzima. Hakuna jino, hakuna kinyesi.
Tena tuna paka, analala pale pale.
Nikarudi kwenye tarehe.
Jumamosi ya mechi.
Jumamosi aliyooa Ambokile.
Jumamosi ile niliyowapa raundi watu nisiowajua majina.

Ee.
Panya ana koti la kahawia.
Panya ana nyundo, ana mtoto darasa la pili.
Panya huja saa mbili usiku akinyata,
akidhani anayelala amelala.

Sikusema kitu. Ningesema nini?
Jumatatu bodaboda akanipigia honi, nikampungia apite;
fundi viatu naye lazima asikie soli zake.
Ugali wa mchana nikaubeba kwenye kopo,
nikaula wa baridi mbele ya wale wale.
Mmoja akauliza kama nimefiwa.
Jioni nikalifungua kopo kwa kunyata kule kule,
nikatumbukiza mia tano.

Wiki ya pili, mia tano. Ya tatu nilishindwa,
nisidanganye, ilikuwa Jumamosi.
Ya nne, elfu.

Jana nimechungulia tena.
Sabuni, kipande.
Mkaa, nusu na mama Tusekile.
Panya, karudisha 2,000.
Hakuna mstari.

Asubuhi hii ukungu umekaa dirishani kama mgeni asiyeaga.
Subilaga kanimiminia chai, kakoroga,
halafu, bila kuniangalia,
kaongeza nusu kijiko cha sukari.

Nilisubiri atoke kwenda kuanika.
Nimelisoma daftari juu mpaka chini.
Hakukiandika.